Kambale wa Njia ya Tabora na Majina Yake

Msomaji aliyezaliwa Unyanyembe, au Uyui, au Urambo, hahitaji kuelezwa kambale ni nani. Mvua za kwanza zikisha kunyesha, na mbuga zilizokuwa zimepasuka kwa jua zikajaa maji, samaki huyu hutoka mitoni na madimbwini akaingia majanini kutaga mayai, na watu hawamwendei kwa nyavu tu bali kwa mikuki, na matenga, na hata kwa mikono mitupu. Pengine usiku wa mvua huonekana akijikokota juu ya nchi yenye umande, kutoka dimbwi hili kwenda lile, kama mtu aliyehama nyumba.

Katika mazungumzo haya hatutaki kusema habari za kumvua wala kumpika. Twataka kusimulia habari ya majina yake: jinsi samaki mmoja alivyopewa majina mengi na wenye elimu, jinsi majina hayo yalivyokuja kukusanywa tena baada ya zaidi ya miaka mia moja, na jinsi nchi ya Tabora, ijapokuwa wasafiri wote mashuhuri walipita humo, ilivyokaa nyuma katika kazi hiyo. Kwa hiyo tumeiweka habari hii pamoja na mazungumzo ya historia, wala si pamoja na yale ya kilimo.

Kwanza tumtazame mwenyewe. Kambale hana magamba. Ngozi yake ni laini yenye ute, kichwa chake kimebapa na kimefunikwa mfupa mgumu kama ngao, na kinywa chake kimezungukwa na ndevu nane, yaani jozi nne. Pezi la mgongoni laanzia karibu na kichwa likaenda mpaka karibu na mkia, wala halina mwiba. Miiba imo katika mapezi ya kifuani, nayo ndiyo magongo yake ya kutembelea nchi kavu. Lakini ajabu yake kubwa imefichwa. Juu ya mashavu, pande zote mbili, ana chumba, na ndani ya chumba mna kiungo kilichotawanyika matawi kama kijiti, chekundu kwa wingi wa damu. Kwa kiungo hicho hupumua hewa ile ile tuipumuayo sisi. Ndiyo sababu aweza kukaa katika matope ambamo samaki wengine wamekwisha kufa, na kupelekwa sokoni ndani ya tenga akafika angali hai.

Watu wengine humchanganya na kamongo, kwa sababu wote wawili hupatikana katika matope. Hawa si ndugu. Kamongo ana mapafu kweli kweli, na magamba madogo, na wakati wa kiangazi hujifungia ndani ya ardhi akajifunika ute ukaukao kama karatasi. Kambale hawezi hayo. Tope likikauka kabisa, naye amekwisha.

Twaweza kusema kwamba watu walianza kuwapanga samaki kwa chungu kabla ya kuwapanga kwa kitabu. Sheria ya Musa yakataza samaki asiye na mapezi na magamba, na Mashia wa Ithnaashari hata leo hawamli asiye na magamba. Bali Waislamu wengi wa pwani na wa Tabora humla kambale bila shaka yoyote. Alama waliyoichagua watu wa kale, yaani magamba, si alama mbaya. Hata wenye elimu huitumia. Ila haitoshi, maana wasio na magamba ni wengi, na kitoga na gogogo, ambao nao wana ndevu, ni wa koo nyingine mbali na kambale.

Sasa tuiendee njia yenyewe. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikata Ugogo, ikaingia Unyamwezi, ikapumzika katika Unyanyembe, mahali ambapo Waarabu na Waswahili walikuwa na matembe yao. Kisha ikaelekea magharibi mpaka mto wa Malagarasi, ikavushwa kwa mitumbwi ya Wavinza kwa malipo, ikanunua chumvi ya Uvinza, ikashuka Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika huko tarehe 7 Novemba 1857. Wao waliandika kwamba mahali pale paitwa Kazeh. Wasafiri waliofuata wakaandika Unyanyembe, au Kwihara, au Tabora. Na mtu asomaye vitabu vyao vyote Ulaya angeweza kudhani kwamba ni miji minne iliyo mbali mbali. Msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo lililompata kambale.

Kila mto ulioikata njia hiyo, kutoka Tabora kwenda magharibi, una kambale. Igombe unamo, Wala unamo, Ugalla unamo kwa wingi sana, na mabwawa makubwa ya Malagarasi yenye mafunjo yasiyokwisha ndiyo kwao hasa. Burton na Speke waliuvuka Malagarasi mwanzo wa Februari 1858, mvua zikiwa zimejaa. Hata hivyo hawakuchukua samaki wa kuwapelekea wenye elimu wa London, wala hatuwezi kuwalaumu: Burton alikuwa mgonjwa asiyeweza kutembea, na Speke alikuwa na maradhi ya macho hata alipofikishwa mbele ya ziwa hakuweza kuliona vema. Burton aliandika majina ya samaki kama alivyoyasikia Ujiji. Speke aliokota makombe na konokono wa ziwani, na vitu hivyo vilifika London, vikaelezwa na S. P. Woodward mwaka 1859.

Kwa nini makombe, wala si samaki? Sisi twaona kwamba jawabu limo katika mzigo wa mpagazi. Mnyamwezi aliyechukua mzigo katika safari zile alitwikwa yapata frasila mbili, yaani ratili sabini. Kombe ni kavu, halivunjiki upesi, halinuki. Ngozi ya ndege ikipakwa dawa na kujazwa pamba ni nyepesi kama si kitu. Lakini samaki, na hasa samaki asiye na magamba mwenye ute, hana budi kutiwa ndani ya chombo cha kioo chenye pombe kali. Naye kambale mkubwa hupita urefu wa futi tatu. Nani atakitwika chombo hicho kutoka Ugalla mpaka Bagamoyo, na nani ataihesabu pombe kama haikupungua njiani?

Ushahidi wa jambo hili twaupata kwa Richard Böhm, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Kakoma na Igonda, kusini ya Tabora, na kuzunguka nchi ya Ugalla, tangu mwaka 1880 hata akafa katika nchi ya Katanga mwaka 1884. Huyu hakuwa mpita njia, aliijua nchi. Jina lake limebaki katika ndege mla nyuki aitwaye Merops boehmi, aliyeandikwa na Reichenow mwaka 1882, na katika punda milia aliyeandikwa na Matschie mwaka 1892. Ndege na ngozi! Kambale waliolala katika maji ya Ugalla, mbele ya mlango wa kambi yake, hawakumpa sifa ya namna hiyo.

Samaki wa kwanza wa Ziwa Tanganyika walioandikwa na mwenye elimu walipelekwa na Edward Coode Hore, nahodha wa Misioni ya London, aliyepita njia ya Urambo kwa Mirambo akafika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Yeye alikaa ziwani miaka mingi, naye alikuwa na nafasi ya kutunza vyombo vya kioo. Samaki wake walielezwa na Albert Günther wa makumbusho ya London, na mmoja wao, aliye katika jamaa za perege, huitwa hata leo kwa jina alilopewa mwaka 1894, tanganicae.

Yatupasa sasa tueleze majina haya hutolewaje. Mswidi Linnaeus alianzisha desturi ya kumpa kila mnyama majina mawili ya Kilatini, na kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho mwanzo wa hesabu kwa wanyama wote. Twaweza kuifananisha desturi hiyo na nasaba zetu. Namna moja ya samaki, yaani wale wazaanao wao kwa wao na kufanana, ni kama nyumba moja. Nyumba kadha zenye asili moja hufanya mlango, na milango kadha hufanya ukoo. Jina la kwanza katika yale mawili ni la mlango, la pili ni la namna. Ukoo wa kambale huitwa Clariidae, nao umeenea Afrika na Asia ya kusini. Na mlango ulio mkubwa katika ukoo huo huitwa Clarias, jina lililowekwa na Scopoli mwaka 1777. Sheria ya wenye elimu ni hii: namna moja ikipewa majina mawili au matatu na watu mbali mbali, lililotangulia kuchapishwa ndilo lenye haki, na mengine huanguka.

Sheria ni nyepesi. Ugumu ni kujua kwamba majina mawili ni ya kitu kimoja.

Linnaeus mwenyewe alimwandika kambale mmoja wa Nile, akamwita anguillaris, yaani afananaye na mkunga. Kisha Mwingereza William Burchell alisafiri katika Afrika ya Kusini tangu 1811 mpaka 1815, akamwona kambale katika mto Vaal unaoingia katika mto ule ambao wenyeji waliuita Gariep, na katika kitabu chake cha mwaka 1822 akamwita gariepinus. Mwaka 1840 Mfaransa Valenciennes aliwatazama kambale wa Nile waliokuwa Paris, akamwandika mmoja kwa jina la lazera. Naye Mjerumani Wilhelm Peters, aliyesafiri Msumbiji katika miaka ya 1840, akatoa jina la mossambicus mwaka 1852. Hawa wote walikuwa watu wa kweli na wenye bidii. Lakini kila mmoja alikuwa na samaki wachache wa mto mmoja, na safari ya kutoka Vaal mpaka Nile hapana aliyeifanya akiwa na chombo cha kioo mkononi.

Basi kambale wa Tabora alipotafutiwa jina, ilimpasa aazime la jirani. Kwa kuwa Msumbiji ndiyo iliyokuwa karibu, akaitwa mossambicus, na jina hilo likakaa katika vitabu vya Tanganyika, Kenya na Uganda zaidi ya miaka mia. Boulenger, mwenye elimu mkuu wa samaki wa Afrika katika siku zake, alipotoa juzuu ya pili ya kitabu chake cha samaki wa maji matamu mwaka 1911, aliwaweka gariepinus, na lazera, na mossambicus mbali mbali, kila mmoja na nchi yake. Wavuvi nao walikuwa na majina yao: Waluo humwita mumi, Waganda male, Wanyanja wa Ziwa Nyasa mlamba, watu wa Misri karmuti. Ila mvuvi wa Kavirondo akikutana na Mganda sokoni hawagombani. Kila mmoja amwona samaki mbele yake, akajua kwamba mumi ni male. Mwenye elimu aliyekaa mbele ya karatasi hakuwa na soko hilo.

Ni alama gani zilizowatenga samaki hawa vitabuni? Moja kubwa ilikuwa hesabu ya vijino vilivyopangwa ndani ya mashavu kama meno ya chanuo, ambavyo kambale huchujia chakula. Mmoja alihesabiwa vijino thelathini, mwingine themanini. Ikasemwa, hawa si wamoja. Tena umbo la kichwa, na upana wa safu ya meno yaliyo katika kaakaa. Alama hizi ni za kweli, lakini zina hila ndani yake. Kambale akikua, vijino vyake huzidi: kwa namna hii moja hesabu yaweza kuwa 24 kwa mdogo, ikafika zaidi ya 100 kwa mkubwa. Kwa hiyo mtu aliyeletewa kambale mdogo wa mto huu na kambale mkubwa wa mto ule aliweza kumwandika mjukuu katika mlango wake na babu yake katika nyumba nyingine, naye asijue.

Kazi ya kulifungua fundo hili ilifanywa na Mbelgiji Guy Teugels, wa makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels. Alikusanya kambale waliotawanyika katika makumbusho nyingi, wa mito ya pande zote za Afrika, wadogo kwa wakubwa, akawapima mmoja mmoja kwa vipimo vile vile. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1986 alionyesha kwamba lazera na mossambicus si namna za peke yao. Wote ni kambale mmoja, na jina lenye haki ni lile la Burchell la mwaka 1822. Majina mengi ya mlango wa Clarias katika Afrika yalianguka, zikabaki namna thelathini na kitu. Anguillaris wa Linnaeus alisalia peke yake, maana ni namna nyingine kweli. Tangu hapo kambale wa Igombe, na wa Nile, na wa Rufiji, na wa Zambezi, ameitwa Clarias gariepinus, na mtoto wa shule wa Tabora amtajaye kwa Kilatini hutaja, pengine bila kujua, jina la mto wa Wakhoikhoi.

Huenda mtu akauliza: yawezekanaje samaki mmoja kuwa katika mito isiyokutana? Hapa nchi ya Tabora ina neno la kusema kuliko Paris. Uwanda huu wa juu ni kama paa la nyumba lililo tambarare mno. Maji ya Igombe na Wala na Ugalla huenda Malagarasi, na Malagarasi huingia Tanganyika. Kutoka Tanganyika maji hutoka kwa mto Lukuga, ambao Cameron aliufikia mwaka 1874, yakaenda Kongo na bahari ya magharibi. Lakini kaskazini, nchi ya Wasukuma, Isanga huingia Ziwa Viktoria, na hayo ni maji ya Nile. Manonga huenda Wembere na Kitangiri, maji yasiyofika bahari yoyote. Upande wa mashariki na kusini yako maji yaendayo Ruaha na Rufiji. Na kati ya maji hayo hapana milima mirefu. Mahali pengi mpaka wake ni mbuga tu, ambayo kiangazi ni udongo mweusi uliopasuka, na masika ni maji yaliyotanda. Samaki avutaye hewa na kutambaa usiku hakuwekewa mpaka mkubwa hapo. Hatudai kwamba kambale walivuka wote katika mbuga za Unyamwezi. Twasema kwamba atakaye kuona jinsi jambo hilo linavyowezekana, na aende huko mwezi wa Januari.

Ziwa Tanganyika ni kinyume cha mbuga. Ni la kale mno, umri wake wahesabiwa kwa mamilioni ya miaka, na kina chake chafika karibu mita 1,470. Humo jamaa za kambale waliokaa muda mrefu wamegeuka wakawa wa huko tu. J. E. S. Moore alifika ziwani katika safari ya 1895 na 1896, na katika samaki wake Boulenger akamwandika kambale mdogo, Clarias liocephalus, mwaka 1898. W. A. Cunnington alikuwa ziwani mwaka 1904 na 1905, akapata samaki mkubwa wa ukoo huu ambaye Boulenger alimfanyia mlango mpya, Dinotopterus cunningtoni, mwaka 1906. Mwaka 1943 Max Poll, Mbelgiji, akafungua mlango mwingine, Tanganikallabes, wa kambale wadogo wembamba wakaao katika miamba. Namna yake ilikuwa moja tu mpaka mwaka 2012, zilipoongezwa mbili. Moore na Cunnington waliliendea ziwa kwa upande wa kusini, kwa Shire na Ziwa Nyasa, kwa maana huko palikuwa na merikebu za kuchukua vyombo vyao. Njia ya Tabora, mama wa njia zote, ikapitwa kando. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na hata baada ya hapo watu wa samaki walishuka Kigoma bila kutazama nyuma. Mto wa Malagarasi, ulio mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani kutoka mashariki, haukutolewa orodha iliyotimia ya samaki wake mpaka mwaka 2001, De Vos na wenzake walipoitoa.

Na orodha hiyo si ya kudharauliwa, maana katika Malagarasi wamo samaki wafananao na wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, kuliko na wale wa ziwa lenyewe. Wataalamu wengi huona kwamba mto huu ni mkongwe kuliko Tanganyika, na kwamba zamani ulikwenda moja kwa moja mpaka maji ya Kongo, kabla ardhi haijapasuka na ziwa kukaa katikati. Wapagazi wa Kinyamwezi walipovushwa kwa mitumbwi ya Uvinza walivuka, kwa hesabu hiyo, mto uliokuwapo kabla ya ziwa walilokuwa wakiliendea.

Teugels hakuyamaliza mambo, naye mwenyewe alisaidia kuyafungua upya. Siku hizi nasaba haisomwi kwa vijino na mifupa peke yake, bali kwa chembe za urithi zilizo katika nyama ya mnyama. Mwaka 2005 Agnèse na Teugels walionyesha kwa njia hiyo kwamba mlango wa Clarias si mlango kamili. Mlango mwingine, Heterobranchus, ambao Geoffroy Saint-Hilaire aliuweka, umo ndani ya nasaba ya Clarias kama mjukuu aliyehesabiwa kuwa jirani. Kambale wembamba kama mikunga wa misitu ya Kongo, waliodhaniwa kuwa mbari moja, wamegeuka kuwa wembamba zaidi ya mara moja, kila wakati kwa asili yake. Na kambale wa kilindini wa Ziwa Nyasa, ambao mwaka 1959 walipewa mlango wao, Bathyclarias, wametokea kuwa watoto wa karibu sana wa gariepinus, kambale wetu wa matope. Majina bado yatabadilishwa. Anayekasirika kwa sababu hiyo na akumbuke Kazeh.

Lakini je, ina faida gani kwa mtu alaye kambale kwa ugali? Twatoa mfano mmoja wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1928 Norman alimwandika kambale mdogo wa maji ya kina katika ziwa hilo, ambaye sasa huitwa Xenoclarias eupogon. Sangara akawekwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na katika miaka iliyofuata kambale yule akaacha kuonekana. Yahesabiwa kuwa huenda amekwisha kabisa. Twajua kwamba amepotea kwa sababu moja tu, ya kuwa alikuwa ameandikwa. Kama angalikuwa bado amechanganywa na kambale wengine chini ya jina moja, angalikwisha bila mtu kujua kwamba kulikuwa na kitu cha kwisha. Kwa hiyo kukusanya majina, kama alivyofanya Teugels, ni kazi njema. Lakini kukusanya kupita kiasi kwaweza kumfunika mtu ndani ya jina la mwenziwe.

Tena kuna habari ya mabwawa ya kufugia. Kambale avutaye hewa hufugika vema, naye amepelekwa mpaka Asia na Brazili, akatoroka akawa mharibifu katika mito isiyo yake. Huko Thailand amechanganywa damu na kambale wa kienyeji, Clarias macrocephalus. Hata Afrika watu humchanganya na Heterobranchus ili apatikane samaki akuaye upesi. Maji ya Ugalla na Malagarasi yamewekewa ulinzi: mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yaliingizwa mwaka 2000 katika mapatano ya mataifa ya kuhifadhi ardhi oevu, na mto Ugalla ulipata hifadhi ya taifa mwaka 2019. Lakini mkataba hauzuii ndoo ya vifaranga wa mbali kumwagwa katika bwawa lililo juu ya mto, na masika bwawa likifurika hapana atakayewarudisha. Mtu husema, wote si gariepinus? Jina ndilo moja. Damu ya kila mto haijapimwa yote.

Mtu wa Tabora akimpata kambale mkubwa mvua zijazo, kabla ya kumpasua na amtazame mgongoni. Pezi likiwa moja refu lifikalo karibu na mkia, na ngozi tupu baada yake, huyo ni Clarias. Likiwa fupi, na nyuma yake kuna pezi la pili, nene, laini, la mafuta, huyo ni wa mlango ule wa Heterobranchus uliozua maneno. Na kama wazee wa pale wana jina lake la peke yake kwa Kinyamwezi au Kivinza, liandikwe pamoja na jina la mto na la mwezi aliovuliwa.